Sampu ya pikapu imebonyea au imepasuka: jinsi ya kuishusha, kuitengeneza na kuirudisha bila kuua injini

Maswali kuhusu sampu, yaani beseni la oili lililo chini ya injini, ni yale yale kila wiki. Sampu imegonga jiwe inavuja, naweza kuichomelea bila kuishusha? Imebonyea tu, haivuji, niendelee kupiga kazi? Nimefunga kwa silikoni mpya, mbona asubuhi nakuta tone chini?

Kwa Mwanza wala si ajabu. Njia za kupanda Mabatini, Igogo na Bugarika zina mawe yaliyochomoza katikati ya barabara, na pikapu zinazoshuka mialoni kufuata dagaa hukuta mchanga umelifunika jiwe ambalo jana lilionekana. Zamani ukitoka Sengerema, foleni ya kivuko ilikupa muda wa kuchungulia chini ya gari. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 unapita moja kwa moja, na oili inaishia njiani bila wewe kujua.

Mwongozo huu ni wa pikapu za dizeli zenye sampu ya bati, hasa Hilux za injini za 2L, 3L na 5L. Sampu ya aluminiamu inaguswa pale inapotofautiana. Tenga siku moja nzima kwa pikapu ya tairi mbili, yaani inayosukumwa na tairi za nyuma tu. Kwa four-wheel, inayovuta kwa tairi zote nne, tenga mbili.

Bonyeo ni baya kuliko tundu

Anza na hili, maana ndilo linaloua injini nyingi. Tundu linajitangaza: unaona oili chini, unasimama. Bonyeo linakaa kimya.

Ndani ya sampu kuna bomba la pampu ya oili, na mdomoni mwake kuna chujio la waya ambalo mafundi wanaliita strena. Limekaa milimita chache tu juu ya sakafu ya sampu. Jiwe likiisukuma sakafu juu, upenyo ule unabana. Gari likiwa sailensa, yaani linaunguruma bila kukanyaga mafuta, oili inayopita inatosha na taa haiwaki. Ukipakia tani moja ukapandisha mlima, pampu inataka kuvuta oili nyingi kuliko inayoweza kupita hapo. Beringi za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenkishafti, zinaanza kukauka, na siku injini ikinoki (ikianza kugonga) utaambiwa ulikuwa unatumia oili mbaya.

Kuna jambo la pili. Bonyeo linakula nafasi ndani ya sampu, kwa hiyo dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, inasoma imejaa wakati oili yenyewe ni pungufu.

Bonyeo dogo lisilofikia unene wa kidole, likiwa mbali na strena, linaweza kusubiri hadi siku ya kubadilisha oili. Likiwa sehemu ya chini kabisa ya sampu, karibu na nati ya kumwagia, lishughulikie kabla ya safari inayofuata. Na taa ya oili ikiwaka baada ya kugonga, zima injini hapo hapo. Usijiambie "ngoja nifike gereji". Dakika mbili zinatosha kukuletea gharama ya krenkishafti.

Ukikwama njiani

Kwa ufa mwembamba kuna dawa ya zamani na inafanya kazi: sabuni ya mche. Futa oili kwa kitambaa kikavu, kisha sugua kipande cha sabuni kwa nguvu hadi kijazane ndani ya ufa. Oili haiyeyushi sabuni, maji ndiyo yanayoiyeyusha, kwa hiyo usipite kwenye dimbwi. Ongeza oili, endesha taratibu, simama kila baada ya kilomita 5 au zaidi kidogo upime. Hiyo ni ya kukufikisha mjini, si ya kurudi nayo kazini kesho. Tundu linaloingia ncha ya kalamu halizibiki hivyo. Ita gari la kuvuta.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kufungua boliti ya kwanza

- Jeki imara na stendi mbili za chuma. Ukilazimika kunyanyua injini, jeki ya pili.
- Soketi namba 10, 12, 14 na 17, ekstensheni ndefu na fupi, na spana fupi ya 10.
- Beseni la lita 10 na dumu lenye mfuniko kwa oili chafu.
- Kisu chembamba cha kukwangulia, nyundo ya mpira, nyundo ndogo ya bodi, na kipande cha mbao ngumu.
- Brashi ya waya, msasa, mafuta ya taa lita 2, sabuni ya unga, na matambara yasiyotoa nyuzi.
- Chaki, na udongo laini wa kuchezea watoto. Kazi yake utaiona mbele.
- Silikoni ya injini inayostahimili oili, tyubu moja. Ile ya madirisha na masinki iache dukani, oili huilainisha ikabanduka.
- Washa (ringi bapa) mpya ya nati ya kumwagia, filta mpya, na oili ya kutosha. Dizeli hizi huchukua takribani lita 6, nyingine zaidi. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha gari. 15W-40 ya dizeli inafaa.

Kabla ya kununua chochote, ulizia bei ya sampu ya mtumba kwenye maduka ya spea. Ikiwa yako imeoza kwa kutu au imepasuka sehemu tatu, kuitengeneza ni kujitesa. Lakini ukinunua ya mtumba, ipitishe kwenye vipimo vya hatua ya 10 na ya 11 kama yako. Nyingi zimeshagonga mawe ya watu wengine.

Hatua kwa hatua

1. Weka gari mahali tambarare. Nyumba nyingi hapa ziko mlimani na uwanja wake una mteremko, kwa hiyo kama kwako hapalali sawa, shusha gari mahali palipo sawa. Wekea matairi ya nyuma vizuizi, nyanyua mbele, weka stendi chini ya chesisi, kisha litikise gari kabla ya kuingia. Mawe si stendi. Mawe ya huku ni ya mviringo na magumu; gari likisogea kidogo jiwe linabingirika, na uliye chini ni wewe.

2. Mwaga oili ikiwa vuguvugu. Chomoa waya wa hasi wa betri kwanza. Nati ya kumwagia kwenye Toyota nyingi ni namba 14. Iache oili ichuruzike nusu saa, usiwe na haraka, maana itakayobaki itakuja usoni. Mimina oili chafu kwenye dumu. Usiimwage mtaroni: mitaro ya mjini inaishia mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani tunakochota maji. Mafundi wa mbao huihitaji kwa ajili ya mchwa.

3. Fungua njia. Toa bati la kinga kama lipo. Kwenye tairi mbili, kinachozuia kwa kawaida ni krosmemba (chuma kinachokatiza chesisi) au fimbo za usukani. Weka alama ya rangi kabla ya kulegeza chochote cha usukani. Kwenye four-wheel, difu ya mbele imekaa chini ya sampu na haikwepeki. Ama unaishusha, ama unafungua nati za mauntingi mbili (vishikizi vya injini) na kunyanyua injini sentimita 4 hadi 5 kwa jeki, mbao ikiwa katikati. Usinyanyulie injini kwenye sampu yenyewe. Ukiinyanyua, angalia feni isiguse shroud (kava lake), na mipira ya rejeta na bomba la ekzosi visivutike.

4. Fungua boliti za sampu. Nyingi ni namba 10, chache namba 12. Urefu wake haulingani, kwa hiyo chora umbo la sampu kwenye kipande cha boksi, toboa matundu, na chomeka kila boliti mahali pake. Acha mbili za pembeni zikiwa zimelegea ili sampu isikuangukie.

5. Kata silikoni ya zamani. Gonga kisu chembamba kwenye maungio kwa nyundo, kisha kisukume pembeni kuzunguka sampu yote. Kosa la wengi ni kuingiza bisibisi pana na kubinua: ukingo unapinda, na hapo umezalisha uvujaji mpya mahali palipokuwa pazima. Isiposhuka, kuna boliti umesahau. Mara nyingi iko nyuma, karibu na gia boksi, imefunikwa na tope.

6. Soma kilichobaki ndani. Pitisha sumaku kwenye tope la chini. Unga mweusi mwembamba ni wa kawaida. Chembe zinazong'aa rangi ya shaba zinatoka kwenye beringi, na hapo kazi ya sampu isimame kwanza hadi kepu za konrodi zifunguliwe zitazamwe. Angalia strena: waya umeziba? Bomba lake limepinda au limepasuka kwenye kiungio? Bomba lenye ufa linanyonya hewa, na hakuna sampu itakayoliponya. Ukilifungua, weka gasketi au oringi yake mpya.

7. Osha sampu mpaka chuma kionekane. Anza na mafuta ya taa na brashi, kisha maji ya moto na sabuni ya unga mara mbili, suuza, kausha juani. Usiioshe kwa petroli ukaipeleka moja kwa moja kwa welda: mvuke unaobaki kwenye mikunjo unalipuka. Sampu ya aluminiamu usiitie kostiki soda, itaila.

8. Nyoosha bonyeo. Laza sampu juu ya mfuko wa mchanga, piga kutoka ndani kwa nyundo ya bodi ukianzia pembezoni mwa bonyeo kuelekea katikati. Wanaoanzia katikati wanavuta bati hadi linatoboka. Bonyeo likiwa kali, lipashe moto kidogo kwa gesi. Aluminiamu usiinyooshe kwa nyundo, itapasuka. Hiyo ichomelewe au ibadilishwe.

9. Chomelea. Jibu la swali la kwanza ni hapana, usichomelee sampu ikiwa kwenye gari. Ndani yake kuna oili na mvuke wake, nje kuna mipira ya dizeli, na ufa ulioloa oili haushiki chomelea yoyote.

   Toboa tundu la milimita 2 au 3 kwenye kila ncha ya ufa ili usiendelee kutambaa. Funga ukingo wa sampu kwa boliti kwenye angle iron mbili zilizonyooka, kwa sababu moto utaupinda. Bati la sampu ni jembamba, hivyo gesi na waya wa brasi hutoa kazi safi kuliko umeme. Welda akiwa na umeme tu, atumie fimbo nyembamba, apige nukta moja moja akiruka huku na huku na kuacha bati lipoe, asivute mstari mmoja. Tundu kubwa liwekewe kiraka cha bati la unene ule ule, kikizidi tundu sentimita 1 kila upande. Aluminiamu ni ya welda wa argoni peke yake.

   Gundi ya chuma ya kuchanganya mbili inashika ufa mdogo ukisafishwa vizuri, lakini kwa pikapu ya kubeba mzigo ihesabu kama ya muda.

10. Pima kwa mafuta ya taa na chaki. Hapa wengi wanaruka, kisha wanashusha sampu mara ya pili. Paka chaki nje ya chomelea yote hadi iwe nyeupe. Mimina mafuta ya taa ndani, subiri nusu saa. Mafuta ya taa hupenya upenyo ambao maji hayapiti, na doa jeusi likitokea kwenye chaki umeuona mlango wenyewe. Rudi kwa welda. Pima pia kuzunguka nati ya kumwagia, maana jiwe likigonga hapo hulegeza ile nati iliyochomelewa ndani.

11. Sawazisha ukingo, kisha pima nafasi ya strena. Matundu ya boliti yaliyokazwa kupita kiasi huwa yamejikunja juu kama kikombe. Laza ukingo kwenye chuma bapa na uyagonge yarudi. Weka rula ndefu: mwanga ukipita chini yake, bado.

    Sasa ule udongo wa watoto. Bandika donge la unene wa sentimita 2 kwenye mdomo wa strena, pandisha sampu ikiwa kavu bila silikoni, ishike kwa boliti nne, kisha ishushe. Unene wa udongo uliobaki ndiyo nafasi uliyonayo. Ukiwa chini ya milimita 5, bonyeo halijatoka vya kutosha. Rudi hatua ya 8. Toa udongo wote, hata chembe.

12. Funga. Kwangua silikoni ya zamani kwenye bloku (mwili wa injini) pia, futa kwa kitambaa chenye petroli kidogo hadi pakauke. Pakibaki na oili hapa, silikoni haina pa kushika.

    Kamua mstari mmoja usiokatika, unene wa milimita 3 hadi 4, ukipita upande wa ndani wa matundu ya boliti. Ongeza tone kwenye pembe ambako kava ya taiming na kava ya sili ya nyuma zinakutana na bloku. Usipake kama siagi kwenye mkate. Inayozidi ndani hukauka, hukatika, huanguka, na kwenda kuziba strena ile ile uliyohangaika kuilinda.

    Pandisha sampu ndani ya dakika 5, weka boliti zote kwa vidole kwanza. Kaza kuanzia katikati ukivuka huku na huku kuelekea kwenye ncha, mizunguko mitatu. Boliti hizi ndogo zinataka nyutoni mita 8 hadi 10 tu. Huna spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza? Shika spana fupi ya 10 karibu na kichwa chake, kaza kwa vidole viwili. Ukiona silikoni inatoka nje yote, umezidisha. Nati ya kumwagia, na washa mpya, ni karibu na nyutoni mita 40.

13. Subiri. Angalau saa mbili, vizuri zaidi usiku mzima. Silikoni inakaushwa na unyevu wa hewa, na ufukweni unyevu haukosekani. Rudisha krosmemba, difu, mauntingi na fimbo za usukani kwenye alama zako.

14. Oili na kuwasha. Badilisha filta; kama inakaa wima, ijaze oili kwanza. Mimina kipimo cha kitabu pungufu ya lita 1. Rudisha betri, chomoa waya wa stopu kwenye pampu ya dizeli ili injini isiwake, piga stata sekunde 10, pumzika nusu dakika, rudia hadi taa ya oili izime. Rudisha waya, washa. Taa ikikaa zaidi ya sekunde 5, zima.

    Acha iungurume dakika 10, zima, subiri dakika 5, ongeza ile lita iliyobaki kidogo kidogo ukipima. Ukishamimina kipimo kamili na dipstiki ikavuka alama ya juu, sampu bado ina bonyeo. Dipstiki haidanganyi ikiwa wewe umepima lita kwa haki.

Mambo yakienda kombo

*Asubuhi kuna tone chini.* Usiikimbilie sampu. Oili huteremka, na upepo wa safari huisukuma nyuma, kwa hiyo panapodondoka si panapovuja. Osha chini ya injini, kausha, paka poda ya mtoto kuzunguka ukingo, endesha kilomita 5, chungulia. Poda ikilowa kuanzia juu, mtuhumiwa ni kava ya tapeti (ya juu ya injini) au filta. Oili ikitokea kati ya injini na gia boksi, ni sili ya nyuma ya krenki, na hiyo inashusha gia boksi, si sampu.

*Inavuja kwenye boliti moja tu.* Nyuzi za tundu zimelika, au boliti ni ndefu na inagota mwisho kabla ya kubana. Linganisha na boksi lako la hatua ya 4. Kuongeza nguvu kutakata boliti ndani ya bloku.

*Nati ya kumwagia inazunguka bila kukaza.* Nyuzi zimekwisha, kwa kawaida kwa mtu aliyetumia spana ndefu. Fundi mashine anaweza kuchonga nyuzi za saizi inayofuata, au welda akaweka nati mpya ndani. Utepe mweupe wa mabomba hausaidii, na vipande vyake vinaelekea kwenye strena.

*Taa ya oili inawaka ukipanda mlima, tambarare inazima.* Pima kiwango. Kikiwa sawa, oili inakimbia nyuma ya sampu na strena inabaki kavu au imebanwa. Ama nafasi haikupimwa, ama bomba la strena lilipinda jiwe lilipogonga. Sampu ishuke tena.

*Injini inagonga kwa sauti nzito ambayo haikuwepo.* Hapo beringi zimeshaguswa. Usiendelee kuiwasha ili kusikiliza vizuri; kila mzunguko unakula krenki. Vuta gari hadi gereji.